Ruzuku ya HMEP kwa Mipango na Mafunzo ya Ajali za Kemikali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili walioko Marekani ambao wako kwenye vikosi vya zimamoto vya kujitolea, kamati za dharura za kaunti au vyama vya wakazi, na wanataka kuielewa ruzuku hii kabla ya kuweka sahihi popote. Fedha zake si nyingi na masharti yake ni mengi. Kila mwaka kuna kaunti zinazokosa mafunzo kwa sababu ya karatasi moja tu, na wanaoumia ni wale wanaofika kwanza kwenye ajali.

HMEP ni nini, na fedha zake zinatoka wapi?

Ni ruzuku ya serikali kuu ya Marekani ya kuandaa mipango na kuwafundisha watu watakaokabili ajali za mizigo ya hatari iliyo safarini. Inasimamiwa na PHMSA, idara ya Wizara ya Uchukuzi inayohusika na usalama wa mabomba na mizigo ya hatari. Msingi wake ni sheria ya mwaka 1990, ruzuku za kwanza zilitolewa mwaka 1993, na kanuni zake ziko kwenye Kifungu cha 49, Sehemu ya 110 ya kanuni za serikali kuu (CFR). Ukiitafuta kwenye orodha ya misaada ya serikali, namba yake ni 20.703.

Fedha hizi hazitoki kwenye kodi ya kila mwananchi. Kampuni zinazosafirisha mizigo ya hatari ya kiwango fulani, au zinazoikabidhi isafirishwe, hujiandikisha PHMSA na kulipa ada. Sheria imeiwekea ada hiyo mipaka: kwa mwaka isipungue dola 250 wala isizidi dola 3,000. Kwa hiyo anayepitisha klorini karibu na shule ya mtaa wenu ndiye anayechangia mafunzo ya watu watakaoitwa siku tangi likivuja. Msione haya kuomba.

Kikosi chetu kinaweza kuomba moja kwa moja Washington?

Hapana. Wanaoomba PHMSA ni majimbo, maeneo yaliyo chini ya Marekani kama Puerto Rico na Guam, na mataifa ya wenyeji wa asili. Gavana huteua ofisi moja ya jimbo kupokea fedha, mara nyingi idara ya dharura au ofisi ya mkuu wa zimamoto. Ninyi mnaomba kwa ofisi hiyo, na kwa kawaida ombi linapitia kamati ya dharura ya kaunti yenu.

Kosa la kwanza tunaloliona ni kikosi kusoma tangazo la serikali kuu na kuishika tarehe iliyoandikwa humo. Tarehe hiyo ni ya jimbo. Jimbo nalo huweka tarehe yake kwa ajili ya kaunti, na hutangulia kwa wiki au miezi. Pigeni simu kwenye ofisi ya jimbo mkaulize tarehe ya kaunti, fomu ya mwaka huu, na kama fedha hutolewa mapema au hurejeshwa baada ya kutumika. Majimbo mengi hurejesha, kwa hiyo mnahitaji mtu wa kulipa kwanza.

LEPC ni nini, na mkazi wa kawaida ana nafasi gani?

LEPC ni kamati ya mipango ya dharura ya eneo, kwa kawaida ya kaunti. Ilizaliwa na sheria ya mwaka 1986 iitwayo EPCRA, iliyopitishwa baada ya gesi ya kiwanda kuua maelfu ya watu Bhopal, India, Desemba 1984, na baada ya kiwanda cha Institute, West Virginia, kuvujisha kemikali mwaka 1985. Sheria iliziagiza kaunti ziwe na mpango bila kuziletea fedha, na HMEP ndiyo imekuwa tegemeo la kamati nyingi.

Wajumbe wanaotajwa na sheria ni viongozi wa kuchaguliwa, polisi, zimamoto, afya, hospitali, uchukuzi, mazingira, vyombo vya habari, wenye viwanda, na vyama vya wakazi. Hao wa mwisho ndio ninyi. Katika miji ambako familia nyingi zinatoka Kongo, Burundi au Tanzania, kiti cha wakazi kinaweza kushikwa na mtu anayejua kwamba tahadhari za simu hutoka zaidi kwa Kiingereza na Kihispania, na kwamba mama aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu hatajua kama anaambiwa akimbie au ajifungie ndani. Maagizo hayo mawili yanapingana, na kuyachanganya kunaua. Mpango wa LEPC unatakiwa kueleza jinsi ya kuwaonya wakazi na kuwahamisha. Kuandika ndani ya mpango nani atatoa tangazo la Kiswahili, kwa redio gani au kwa kundi gani la WhatsApp, ni kazi halali ya mipango.

Mikutano ya LEPC ni ya wazi. Ulizeni ofisi ya dharura ya kaunti lini wanakutana. Wakijibu kwamba hawajakutana siku nyingi, mmeshapata kazi ya kwanza.

Nini maana ya kusema kila kitu kihusiane na usafirishaji?

Hili ndilo linaloangusha maombi mengi. HMEP ni ya mizigo iliyo safarini: lori la tangi, behewa, meli, ndege, pamoja na kupakia na kupakua kunakohusiana na safari hiyo. Zoezi la tangi la amonia linalovuja ndani ya ghala la barafu, likiandikwa hivyo tu, litarudishwa. Zoezi hilohilo likianza na lori linaloleta amonia, mpira wa kupitishia gesi ukapasuka wakati wa kupakua na wingu likaelekea barabara kuu, linakubalika. Msibadilishe maneno tu, badilisheni zoezi lenyewe. Mkaguzi atasoma ripoti yenu baadaye na kuangalia kama lori lilikuwepo kweli.

Fedha za mipango zinaweza kulipia nini?

Kuandika na kuboresha mpango wa dharura, kupima uwezo wa vikosi vilivyopo, kuchunguza kama kaunti jirani ziungane kuwa na kikosi kimoja cha kemikali, mazoezi ya kuujaribu mpango, na watumishi wa kitaalamu wa kusaidia kazi hiyo. Kwa maoni yetu, fedha za kwanza ziende kwenye utafiti wa mizigo inayopita. Kaunti isiyojua nini kinapita kwake itanunua mafunzo ya kubahatisha.

Utafiti huo si mgumu, ila unataka nidhamu. Watu wawili hukaa mahali salama nje ya barabara, kama kwenye maegesho ya kituo cha mafuta karibu na makutano, wamevaa fulana zinazong'aa, na ofisi ya sherifu imeshajulishwa. Mmoja anashika darubini na kusoma kibao cha hatari cha pembe nne kilichobandikwa kwenye lori na namba ya mzigo ya tarakimu nne, mwingine anaandika. Mstari mmoja wa fomu unasomeka hivi: 11:42, kuelekea magharibi, tangi refu lenye ncha za mviringo, kibao chekundu, 1075. Hiyo ni gesi ya kupikia. Mstari unaofuata: 11:47, mashariki, tangi la alumini lenye umbo la yai ukilitazama kwa nyuma, kibao chekundu, 1203. Petroli. Zamu ya saa nne inatosha, baada ya hapo macho yanachoka na namba zinaanza kukisiwa.

Andikeni saa kwa mtindo wa Marekani, kuanzia usiku wa manane. Mtu wetu akiandika "saa 2" akimaanisha asubuhi, mwingine akaingiza kwenye kompyuta kama saa mbili baada ya usiku wa manane, mchoro mzima wa msongamano unapinda na hakuna atakayejua kwa nini.

Mambo manne huharibu utafiti. La kwanza, kuhesabu asubuhi za siku za kazi tu. Malori mengi ya kemikali hupenda usiku, na amonia ya mashambani hujaa barabarani majira ya kuchipua na tena baada ya mavuno, kisha hupotea. Gaweni zamu mchana na usiku, siku za kazi na wikendi, katika angalau misimu miwili. La pili, kudhani lori lisilo na kibao halina kitu. Mizigo mikali kabisa hubandikwa kibao kwa kiasi chochote, lakini mingi ya mingine huanza kubandikwa uzito ukifika ratili 1,001, yaani takriban kilo 454. La tatu, kuyaondoa kwenye hesabu malori yanayorudi matupu. Tangi ambalo halijasafishwa linaendelea kubeba kibao chake kisheria, na mvuke uliobaki unaweza kuwa hatari kuliko tangi lililojaa. La nne, kusahau reli. Huwezi kuhesabu treni ya mabehewa 100 gizani. Andikeni barua rasmi kwa kampuni ya reli, kupitia mkuu wa zimamoto au wa dharura, mkiomba orodha ya mizigo ya hatari inayopita kaunti yenu. Orodha hiyo hutolewa kwa ajili ya dharura tu, kwa hiyo msiiweke mtandaoni wala kuibandika ukutani.

Kamilisheni picha kwa ripoti za Tier II, yaani za kemikali zilizohifadhiwa, ambazo viwanda hutuma kwa jimbo, LEPC na zimamoto kila mwaka kabla au ifikapo Machi 1. Kemikali nyingi huripotiwa zikifika ratili 10,000, na zile zilizotajwa kuwa hatari kupindukia huripotiwa kuanzia ratili 500 au chini ya hapo. Kiwanda cha maji kinachoripoti klorini kinaipata kwa njia fulani. Fuateni njia hiyo.

Na mafunzo? Tuanze na ngazi ipi?

Anzeni na watu watakaofika kwanza. Kanuni ya OSHA, idara ya serikali kuu ya usalama kazini, yaani 29 CFR 1910.120(q), inagawa ngazi tano. Ngazi ya utambuzi ni ya yeyote anayeweza kulikuta tukio, kama askari wa doria: atambue, akae mbali, azuie watu, apige simu. Haina idadi ya saa iliyowekwa, ila mtu aonyeshe kwamba anajua. Ngazi ya pili ni ya wanaojihami kutoka mbali, kwa kuziba mitaro, kumwaga mchanga na kuhamisha watu, na inataka angalau saa 8. Ngazi ya fundi, anayesogea kuziba tundu lenyewe, inataka angalau saa 24 za mafunzo, pamoja na ujuzi wa ngazi ya pili na wa ziada. Mtaalamu maalumu naye anatakiwa kuwa na angalau saa 24 za kiwango cha fundi pamoja na ujuzi wa ziada, na kamanda wa tukio angalau saa 24 za kiwango cha ngazi ya pili pamoja na ujuzi wa ziada. Kila mwaka kuna mafunzo ya kunoa ujuzi.

Huulizwa kama kanuni ya OSHA inawagusa wazimamoto wa kujitolea. Katika majimbo yasiyo na mpango wake wa OSHA, shirika la mazingira la EPA limeichukua kanuni hiyohiyo kupitia 40 CFR 311, ambayo inawahusu watumishi wa jimbo na wa maeneo, wanaolipwa na wasiolipwa. Kujitolea hakumwondoi mtu kwenye kinga hiyo.

Kosa la kawaida ni kuwapeleka watu wawili hodari kwenye kozi ya fundi huku ishirini waliobaki hawajui kusoma kibao. Fundi mmoja bila timu, bila suti na bila wa kumsafisha anapotoka hawezi kuingia kwenye wingu. Mji wa East Palestine, Ohio, ulionyesha hali hii waziwazi. Februari 3, 2023 mabehewa 38 yaliacha reli, 11 kati yake yakiwa na mizigo ya hatari, na waliofika kwanza walikuwa wazimamoto wa kujitolea. Bodi ya taifa ya usalama wa uchukuzi, NTSB, iliandika kwamba mafunzo ambayo jimbo liliwadai watu hao hayakutosha kwa tukio kama lile, kwamba taarifa za mizigo zilichelewa kuwafikia, na kwamba vibao havikuuhimili moto. Ngazi mbili za kwanza kwa kila mtu, pamoja na namna ya kupata orodha ya mizigo ya treni, ndizo zingefaa pale dakika za mwanzo.

Ruzuku hulipia wakufunzi, vitabu, ada za kozi, nauli na malazi ya wanaosafiri kwenda kusoma, na vifaa vya kufundishia.

Hailipii nini?

Hailipii kwenda kwenye ajali yenyewe. Hailipii vifaa vya kazi ya kila siku: suti, mitungi ya hewa au vipima gesi vitakavyowekwa kwenye gari la zimamoto. Kifaa kikinunuliwa kwa ajili ya mafunzo, kibaki cha mafunzo na kiandikwe hivyo. Hailipii pombe wala burudani, na hailipii gharama iliyokwisha kulipwa na ruzuku nyingine.

Pia haiwi badala ya bajeti yenu. Kaunti ikiwa na dola 5,000 za mafunzo kila mwaka, haiwezi kuzipeleka kwenye barabara kwa kuwa ruzuku imekuja.

Mchango wetu wa asilimia 20 unahesabiwaje?

Someni polepole hapa, kwa sababu karibu kila mwombaji mpya hukosea. Serikali kuu hulipa hadi asilimia 80 ya gharama yote, na upande wenu unabeba angalau asilimia 20 ya gharama yote. Si asilimia 20 ya fedha mnazopewa. Njia ya haraka ni kuchukua fedha za ruzuku na kuzigawa kwa nne.

Mkiomba dola 24,000, mradi mzima ni dola 30,000, na mchango wenu ni 6,000. Anayezidisha 24,000 kwa asilimia 20 anapata 4,800, anapungukiwa dola 1,200, na kisha hupunguziwa fedha mwishoni wakati kozi imeshafanyika na bili imeshalipwa.

Mchango unaweza kuwa fedha taslimu au thamani ya vitu na kazi. Kwa vikosi vya kujitolea, hazina yenu ni saa za watu. Wazimamoto 16 wakikaa kwenye kozi ya saa 24, hizo ni saa 384. Kama kazi ya namna hiyo katika eneo lenu inalipwa dola 18 kwa saa, thamani ni dola 6,912, na mchango wa mfano wetu umetimia bila senti kutoka mfukoni. Kiwango hicho lazima kiwe na ushahidi, kwa mfano barua ya mshahara wa mzimamoto anayeanza kazi katika idara jirani. Ukumbi uliotolewa bure huhesabiwa kwa kodi ya kawaida ya ukumbi kama huo mjini kwenu.

Saa hazihesabiki bila karatasi ya mahudhurio. Iwe na jina la mtu, tarehe, saa ya kuingia na ya kutoka, jina la kozi, na sahihi yake mwenyewe, kila siku. Karatasi moja ya siku tatu yenye sahihi moja hukataliwa. Orodha iliyochapwa baada ya wiki mbili kwa kukumbuka nayo hukataliwa, hata kama kila neno lake ni kweli. Saa za mtu anayelipwa mshahara na ruzuku nyingine ya serikali kuu hazifai, saa zilizokwisha kutumika kama mchango kwingine hazifai, na saa za kabla ya mkataba kuanza hazifai. Hilo la mwisho linauma zaidi, kwa sababu watu wenye bidii ndio wanaoanza mapema.

Zoezi linalokubalika likoje?

Liwe na mzigo halisi uliotoka kwenye utafiti wenu, mahali halisi, na sehemu ya mpango mnayoijaribu. Kwa mara ya kwanza fanyeni zoezi la mezani la saa tatu. Tuchukue mfano wa lori la petroli lililopinduka kwenye daraja. Msimamizi anasoma tukio na kuuliza: nani anapigiwa kwanza, umbali gani wa kuzuia watu? Mmoja anafungua kitabu cha mwongozo wa dharura, ERG. Kurasa za njano, namba 1203, zinampeleka mwongozo namba 128 kwenye kurasa za chungwa: mita 50 kila upande kwa mmwagiko, mita 800 ikiwa tangi limeshika moto. Halafu mwulize afisa wa barabara ni nyumba ngapi ziko ndani ya mita 800 za daraja lile. Kimya kitakachofuata ndicho mlichokuja kukitafuta, na kiandikwe kwenye ripoti.

Ripoti ya baada ya zoezi itaje upungufu, mtu wa kuurekebisha na tarehe. Ripoti inayosema kila kitu kilikwenda vizuri haimsadikishi msomaji wa jimbo, na mwaka unaofuata hamtakuwa na sababu ya kuomba tena.

UEI ni nini, na je, kujisajili kunalipiwa?

UEI ni namba ya utambulisho ya taasisi inayopokea fedha za serikali kuu. Ilichukua nafasi ya namba ya zamani iitwayo DUNS Aprili 2022 na hupatikana kwenye tovuti ya SAM.gov. Ni bure. Jimbo, kama mwombaji mkuu, lina usajili kamili unaohuishwa kila mwaka. Ninyi mnaopokea kupitia jimbo kwa kawaida mnahitaji namba tu. Kuna kampuni zinazotuma barua pepe zenye sura ya kiserikali zikidai mamia ya dola za usajili. Msilipe.

Hakikisheni jina na anwani mnazoandika zinafanana herufi kwa herufi na hati za uandikishaji wa taasisi. "St." na "Street" zimeshachelewesha watu.

Tunaruhusiwa kumwajiri mshauri aandike mpango wetu?

Ndiyo, kwa ushindani na kwa kufuata kanuni za manunuzi za 2 CFR 200 na za jimbo lenu. Mshauri aliyewasaidia kuandika masharti ya zabuni haruhusiwi kuishindania. Jambo hili huwashtua wengi kwa sababu walimwomba "msaada kidogo" bila kujua kwamba wanamfungia mlango.

Mkataba utaje kitakachokabidhiwa na lini. Mipango ya kunakili ipo mingi, na njia rahisi ya kuigundua ni kutafuta ndani ya faili jina la kaunti nyingine. Mpango mzuri una namba za simu mlizojaribu kuzipiga, barabara mnazozijua, na njia ya kutoka shule iliyo kando ya reli wakati treni imesimama na kuziba makutano yote mawili.

Hifadhini ankara, uthibitisho wa malipo, zabuni na karatasi za mahudhurio kwa miaka 3 kuanzia ripoti ya mwisho ya fedha. Kwa ruzuku zilizotolewa kuanzia Oktoba 1, 2024, taasisi isiyo na kiwango chake cha gharama za uendeshaji inaweza kudai hadi asilimia 15 ya msingi wa gharama, badala ya asilimia 10 ya zamani. Ulizeni kama jimbo lenu linalipa sehemu hiyo.

Kuna ruzuku nyingine za karibu na hii?

PHMSA ina ruzuku dada zinazotolewa kwa mashirika yasiyo ya faida. ALERT ni ya kufundisha wazimamoto wa kujitolea na wa maeneo ya mbali, hasa kuhusu mafuta ghafi na ethanoli zinazopita kwa reli. SPST hufundisha wakufunzi wa sekta ya umma. HMIT hufundisha wakufunzi wa wafanyakazi wanaoshughulika na mizigo ya hatari. Hamwombi ninyi, mnaomba kozi kutoka kwa shirika lililopewa, na mara nyingi kozi inawafikia mlipo bila ada.

Kwa suti, mitungi ya hewa na vipima gesi, nendeni kwenye ruzuku ya FEMA, shirika la serikali kuu la kukabili majanga, kwa vikosi vya zimamoto, iitwayo AFG.

Hatuna fedha mwaka huu. Tunaweza kufanya nini?

Kitabu cha ERG hutolewa bure kwa vikosi vya umma kupitia ofisi ya jimbo, toleo la sasa likiwa la 2024, na kipo pia kwenye simu. Kila gari liwe nacho. CAMEO, programu ya EPA na NOAA yenye taarifa za kemikali, ramani na makisio ya wingu la gesi, ni ya bure. Mkuu wa kikosi aombe AskRail, programu inayomwonyesha kilichomo ndani ya behewa kwa namba yake ya ubavuni. TRANSCAER, mpango wa viwanda na wasafirishaji wa kemikali, hutoa mafunzo bila malipo. Andikeni na simu mbili ndani ya mlango wa gari: CHEMTREC 1-800-424-9300 kwa ushauri wa kemikali saa yoyote, na kituo cha taifa cha kupokea taarifa za mmwagiko 1-800-424-8802.

Je, nchi za Afrika Mashariki zinaweza kupata ruzuku hii?

Hapana, ni kwa majimbo, maeneo na mataifa ya wenyeji yaliyo chini ya sheria za Marekani. Ila namba za tarakimu nne ni za Umoja wa Mataifa na hazibadiliki mpakani. Lori la petroli linalotoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi ni 1203 vilevile, na asidi ya salfuriki ya migodini ni 1830. ERG na CAMEO zinapakuliwa bure popote, na namna ya kuhesabu malori tuliyoieleza inatumika Tunduma kama inavyotumika Ohio.

Tumebakiwa na wiki nne kabla ya tarehe ya jimbo. Tuanzie wapi?

Wiki ya kwanza, simu kwa ofisi ya jimbo kupata fomu, na ombi la UEI siku hiyohiyo. Mtafuteni mwenyekiti wa LEPC mkubaliane jambo moja tu la kuomba. Maombi yenye mambo sita madogo husomeka kama orodha ya dukani.

Wiki ya pili, kusanyeni ushahidi wa hatari: ripoti za Tier II, zamu mbili au tatu za kuhesabu malori, na matukio ya miaka ya karibuni kutoka kwenye kumbukumbu za wito za kikosi. Idadi ya watu wenye kila ngazi ya mafunzo iwe ya kweli. Ukiandika kwamba wote 22 wana ngazi ya pili, umejiondoa mwenyewe.

Wiki ya tatu, bajeti. Kila mstari uonyeshe hesabu yake: watu wangapi, saa ngapi, kwa bei gani, na chanzo cha bei hiyo. Gawanyeni ruzuku kwa nne na muone kama mchango unafika, kisha ongezeni akiba, kwa sababu watu watatu hawatatokea siku ya kozi na saa zao zitatoka kwenye hesabu.

Wiki ya nne, mpeni mtu asiyejua chochote kuhusu kemikali asome ombi lenu. Akimaliza, mwulizeni mzigo upi, unapita wapi, na nani atafundishwa. Akikwama kwenye lolote kati ya hayo matatu, andikeni upya sehemu hiyo. Sahihi ya mwenye mamlaka ya kaunti ipatikane siku tatu kabla, kwa kuwa ofisi hiyo hufunga mapema Ijumaa na tarehe ya mwisho haisogezwi.